Redio ya FM tu haiwatoshi waliohama

Mwenye kugawa redio kwa familia zilizohama Kivu Kaskazini asichague za FM tu. FM haipiti mlima, na Masisi ni milima mitupu. Tena mitambo ya FM iko mjini: anayeushika mji anaishika na sauti yake. Tangu M23 kuiteka Goma Januari 2025, hilo halihitaji maelezo.

AM ni kitu kingine. Mchana haifiki mbali, lakini giza likiingia mawimbi yake hugonga tabaka la juu angani na kushuka mamia ya kilomita toka kwenye mtambo. Masafa mafupi huenda mbali zaidi, hata mchana. Ni kweli stesheni zimepungua. Sauti ya Amerika ilinyamaza Machi 2025. Zilizobaki zina faida kuliko simu isiyo na mtandao.

Kuvuta fimbo ya antena hakusaidii AM, kwani antena yake imo ndani. Redio yenyewe igeuzwe polepole mpaka sauti ikae sawa, mbali na chaja na taa za sola. Sokoni, mnunuzi atafute herufi MW na SW kabla ya kutoa pesa.