Uvimbe wa utumbo mkubwa: utazamwe vizuri mbele ya kupasua

Mkaaji wa Bukavu, Uvira ama Beni akianza kuona damu kwenye choo, njia anayopita inajulikana. Anaambiwa ni hemoroidi. Anapewa dawa ya kupaka, kisha dawa ya amiba, kisha dawa ya minyoo. Miezi inapita. Siku anapofika hospitali amekonda na damu imepunguka, ekografi inaonyesha kitu tumboni, na neno la kwanza analosikia ni kupasuliwa. Katika safari hiyo yote, mara nyingi hakuna aliyeingiza kamera ili kuona kitu chenyewe kinafanana namna gani.

Upasuaji umeokoa watu wengi na utaendelea kuwaokoa. Ubaya ni kuuchagua mbele ya kujua kinachopasuliwa.

Utumbo mkubwa una urefu wa karibu mita 1,5. Ndani yake kunaweza kuota vinyama ambavyo wanganga wanaita polipi. Nyingi hazileti shida, lakini kansa nyingi za utumbo mkubwa zinaanzia hapo, polepole, mara nyingi kwa muda wa miaka 10 ama zaidi. Polipi ikiondolewa katika muda huo, kansa haipati fasi ya kuzaliwa. Na si ugonjwa wa wazee peke yao: Chadwick Boseman, mchezaji wa filamu ya Black Panther, aliuawa na kansa hiyo mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Polipi ikifikia sentimeta 2, karibu upana wa kidole gumba, inahesabiwa kuwa kubwa, na hapo ndipo hofu inaingia. Lakini ukubwa peke yake hausemi kama ni kansa. Nyingi kati ya hizo kubwa bado hazina kansa, na zinaweza kuondolewa kupitia mpira uleule wa kamera, bila kufungua tumbo. Jambo hilo si jipya. Mwaka 1969, mjini New York, wanganga Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata polipi kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya kolonoskopi. Siku hizi munganga anadunga kwanza maji maalum chini ya polipi ili inyanyuke, ndipo anaikata, nzima ama kwa vipande.

Ndiyo maana kutazama ni kazi yenye kanuni zake. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Paris wakapanga maumbo ya uvimbe: wenye shina, uliokaa juu ya ukuta, uliolala bapa, wenye shimo katikati. Mjapani Shin-ei Kudo naye alionyesha kwamba vitundu vidogo sana vilivyo juu ya polipi vinatoa habari ya kilicho ndani. Vikiwa vimepangika vizuri, tumaini ni kubwa. Vikiwa vimevurugika ama kupotea, pengine kansa imeshaingia chini, na kitanzi si dawa yake tena. Hata maji yale yanasema kitu: polipi ikikataa kunyanyuka, ama kuna kansa inayoishika, ama kuna kovu.

Haraka inaleta hasara pande zote mbili. Mgonjwa mwenye polipi isiyo na kansa anaweza kupasuliwa, akakatwa kipande cha utumbo, wengine wakaondoka na mfuko wa choo tumboni, wakati kitanzi kingetosha. Mwingine mwenye kansa iliyozama ndani anaweza kukatwa vipande vipande kwa kitanzi, wakati alihitaji upasuaji kamili. Na kuna hasara ya tatu isiyozungumzwa: munganga asiye na vifaa vya kuondoa polipi anainyofoa mara nyingi kwa ajili ya biopsi. Kila jeraha linaacha kovu, na yule ambaye angeweza kuiondoa anaikuta imeshikamana na ukuta. Tena kipande kidogo cha biopsi kinaweza kutoka upande mzima na kuacha kansa upande wa pili.

Watajibu kwamba mashine ni chache, dola hazipo, na barabara ni mbaya. Jibu hilo lina uzito. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na banki zikafunga milango, na familia nyingi zilibaki bila njia ya kufikia hata pesa zao wenyewe. Pia kuna wagonjwa wasioweza kungojea: aliyeziba utumbo, tumbo limevimba na anatapika, huyo apasuliwe bila kuchelewa. Lakini kwa asiye katika hatari hiyo, kuruka kipimo si kupunguza gharama. Familia iliyouza shamba ili kulipa upasuaji usiohitajika ndiyo inayolipa ghali zaidi.

Kuna jambo lisilongojea mashine mpya. Pale ambapo kolonoskopi inafanyika, ripoti yake isiishie kwenye maneno "kuna uvimbe". Iandike sentimeta ngapi, upande gani wa utumbo, umbo gani, juu yake panafanana namna gani, kama utumbo ulisafishwa vizuri, na iambatane na picha. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuomba karatasi hiyo na kuuliza: je, inaweza kuondolewa bila kupasua? Nani ameitazama?

Linalobaki ni la wakubwa. Mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023 ulianzia kwa akina mama wanaozaa, na hilo lilikuwa la haki. Hatua zinazofuata zisisahau mashine za endoskopi, wanganga waliofundishwa kuzitumia, na labo ya kusoma biopsi katika majimbo ya mashariki. Mashine bila mtu aliyefundishwa ni chuma tu, na biopsi isiyo na wa kuisoma ni jeraha la bure. Mpaka siku hiyo, mgonjwa anayeambiwa apasuliwe kesho anaweza kuuliza leo kama kuna aliyetazama.