Wito Haupimwi kwa Kimo

Jioni huku Kiuyu, Pemba, tuliko kwa likizo, vijana hucheza kikapu kwa ringi ya chuma iliyopigiliwa kwenye mnazi. Wakigawana timu, wa kwanza kuitwa huwa ni yule mrefu. Mfupi huitwa mwisho, na mara nyingi ndiye anayeleta mpira na kuwapanga wenzake, kazi ambayo wachezaji huiita pointi gadi.

Tumekumbuka Juni 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, aliitwa wa pili, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Stephen Curry, pointi gadi ambaye vyuo vikubwa vilimwona mdogo wa umbo hata akasoma Davidson, chuo kidogo, aliitwa wa saba.

Februari 2010 Thabeet alishushwa ligi ya chini, na baada ya msimu wa 2013–14 hakucheza tena NBA. Curry naye hakupaa mara moja. Msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Timu yake, Golden State Warriors, ilimvumilia, na amekuwa bingwa mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022.

Wengi bado wanamcheka Thabeet. Sisi tunaona si haki. Alianza kikapu akiwa na miaka 15, na muda si mrefu tukadai matunda kwa mche. Aristotle anatufundisha kwamba uwezo bado si tendo. Katikati kuna muda, mazoezi na mlezi mwenye subira.

Hofu yetu ni kwamba hata parokiani tunachagua hivyo hivyo. Kijana mwenye sauti nzuri na alama za juu huitwa "padre" kabla hajajiuliza kama Mungu amemwita. Mpole anayekaa nyuma, anayejua nani leo hajala, hatumwoni. Hata nabii Samweli, alipofika kwa Yese, alivutwa na kimo cha Eliabu mpaka Mungu alipomzuia. Daudi alikuwa malishoni.

Basi wazazi na walezi wetu, mtafuteni aliye malishoni. Lakini yule mrefu mliyemwita kwanza, akianza kusuasua, msimcheke wala msimwache. Naye anahitaji mtu wa kumvumilia.