VIOO VYA PIKIPIKI

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Mimi pia nalikuwa nikisema hivyo, mpaka asubuhi moja hapa Makadara nilipotambua kwamba neno hilo twalitumia mara nyingi kuficha uvivu wetu.

Mimi ni karani, na huenda kazini kwa pikipiki. Asubuhi hiyo, karibu na uwanja wa Makadara, nalitaka kukunja kulia niingie kichochoroni. Nikatoa ishara, nikatupa jicho katika kioo cha kulia. Sikuona kitu ila bega langu na kipande cha mbingu. Nikadhani njia ni nyeupe. Papo hapo kijana wa baiskeli, aliyekuwa akinipita kuliani, akaguswa na usukani wangu akaanguka, na mikate aliyoichukua ikatawanyika barabarani. Kwa rehema ya Mungu alichubuka goti tu. Nalimlipa mikate yake, nikampeleka akafungwe jeraha. Watu wakanifariji wakisema, "Ajali haina kinga, bwana." Lakini moyoni nalijua kwamba hii ilikuwa na kinga. Kioo kile kilikuwa kimelegea miezi mitatu, nami nalikiona kila siku nisikishughulikie.

Jioni nikaenda kwa fundi. Hakunilaumu, bali alinionyesha kazi isiyozidi dakika kumi, nami naieleza hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, pikipiki isimame wima juu ya magurudumu yake mawili, mwenzako akiishika. Usitengeneze vioo hali imeinama juu ya stendi ya pembeni, kwa maana ikiinuka utaona mambo mengine kabisa. Keti kama uketivyo safarini, helmeti kichwani, usukani umenyooka.

Pili, geuza kioo mpaka pale barabara inapokutana na mbingu pawe katikati yake. Kisha kisogeze nje hata bega au kiwiko chako kionekane kidogo tu kwenye ukingo wa ndani. Kioo hiki ni cha kutazamia barabara, si cha kujitazama. Ikiwa bega bado lakijaza, zungusha shina lake kwenda nje, au nunua shina refu zaidi.

Tatu, kaza kwa spana nati iliyo chini ya shina, la sivyo mtikisiko wa injini utaiharibu kazi yote. Lakini angalia: katika pikipiki nyingi za Yamaha shina la kulia lina hesi za kinyume, na hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Limefanywa hivyo ili kioo kikigongwa kutoka mbele kilegee badala ya kuvunjika. Ukilazimisha, utaziharibu hesi.

Yafaa kujua pia kwamba vioo vingi vya pikipiki vimebinuka kidogo ili vionyeshe mahali papana. Kwa hiyo gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Tena, kuna pembe ambayo kioo hakiioni. Katika Kenya twaendesha upande wa kushoto, na wanaotupita huja kuliani. Basi kabla ya kukunja kulia, tazama kioo, kisha geuza shingo.

Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, vijana wengi wamepata riziki kwa bodaboda. Wako wanaoving'oa vioo ili wapenye kati ya matatu na tuktuk. Naifahamu shida yao: katika njia nyembamba za Mji wa Kale kioo kilichotoka nje chaweza kumkwaruza mpita njia. Lakini anayekikunja kichochoroni sharti akikunjue afikapo barabara kubwa. Abiria aliye nyuma yake hana usukani wala breki. Amemkabidhi mwenzake uhai wake.

Kijana yule wa mikate hunipita hata leo, naye hupiga kengele kwa nguvu anionapo. Sina haki ya kumkasirikia. Siku hizi namwona kiooni kabla sijaisikia kengele yake, na hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa tangu siku ya kwanza.