Saa moja na nusu juu ya Mgunda Mkali

KUTOKA UNYANYEMBE
Na Maganga Juma

Juzi nilirudi Tabora kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Kwa njia ya anga ni kilomita 730 hivi, mwendo wa kama saa moja na nusu. Kijana aliyekaa dirishani, mzaliwa wa Isevya, alitazama chini kwenye vichaka visivyokwisha, akaniuliza: "Mzee, huku chini kunaitwaje?"

Nikamwambia: Mgunda Mkali. Hakuwahi kulisikia jina hilo, na hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Mgunda Mkali ni lile pori kati ya Ugogo na Unyamwezi lililowatesa kwa kiu wapagazi wa misafara ya kale. Wao njia waliihesabu kwa maji: kutoka kisima hiki hadi kile, telekeza, yaani mwendo wa alasiri, mpaka jua lizame, kesho tena. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Aliyebeba pembe ya ndovu aliilaza begani, na kwenye ncha yake walifunga kengele ya ng'ombe. Hebu ifikirie hiyo kengele, inalia kila unapoinua mguu, kutwa nzima, kutoka Unyanyembe, eneo letu hili la Tabora, hadi Bagamoyo.

Wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, yaani hapa hapa Tabora, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Na mwaka 1872, mwandishi wa habari Stanley alipomuacha mpelelezi Livingstone Kwihara, jirani na Tabora, tarehe 14 Machi ili akamtafutie wapagazi pwani, yule mzee alikaa akisubiri hadi Agosti ndipo watu wakamfikia. Miezi mitano, kwenda na kurudi. Hakuna namna nyingine ya kuuelewa umbali wa zama zile.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imepita kwa sehemu kubwa katika ukanda ule ule uliokwisha kukanyagwa na miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Ndege nayo inapita juu yake. Njia hii, kwa hiyo, ina wenyewe. Walijua kila kituo kwa jina, nasi tumebaki na namba ya kiti.

Kwihara tunalo tembe la Livingstone, na ni vizuri limetunzwa. Lakini waliombebea mizigo, na waliobeba mwili wake baada ya kufariki wakapita nao hapa Unyanyembe mwaka 1873 kuelekea pwani, mjini kwetu wanatajwa na nani?

Naiomba Manispaa ya Tabora, na wakuu wa shule zetu: wekeni ubao mmoja uwanja wa ndege na mwingine stesheni. Uandikwe vituo vya msafara kwa mpangilio wake, kuanzia Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Mgunda Mkali, Tura, hadi Kwihara, na chini yake siku walizotembea wapagazi. Wazee wenye majina ya vituo vilivyobaki wangalipo. Waulizeni mwaka huu.