Msikae na Boila Mbovu

Ndugu zangu mnaoishi London, Leicester, Reading, Milton Keynes, Glasgow na kwingineko Uingereza, naandika kuwaomba jambo moja kabla baridi haijakaza: msikae na boila mbovu. Najua kwa nini wengi wetu hukaa nayo. Tumelelewa kuvumilia. Maji ya moto yakikatika tunachemsha kwenye birika na kuoga kwa kopo, na wala hatuoni taabu. Redieta zikipoa tunavaa sweta mbili. Mwenye nyumba tunaogopa kumsumbua, fundi tunaogopa bei yake, na barua ya Kiingereza yenye vifungu vya sheria inakaa juu ya friji mpaka mtoto arudi kutoka shule aisome. Yote hayo nayaelewa. Lakini boila ya gesi ni moto unaowaka ndani ya nyumba yako usiku na mchana, na moto huo ukiwaka vibaya huna uvumilivu utakaokusaidia.

Aliyekulia kwenye baridi, iwe Limuru, Arusha, Njombe au Goma, amewahi kusikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi wamekufa. Mlango umefungwa, hakuna moshi, hakuna aliyepiga kelele. Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokea kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha. Ikiingia mapafuni hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu anazidiwa usingizini. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye boila ambayo haipati hewa sawasawa, au ambayo bomba lake la moshi limeziba au limeachia. Mama anayemkataza mwanawe kuingiza jiko chumbani kule nyumbani anaijua hatari hii kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo tuanze na dalili zisizosubiri kesho. Boila nyingi za sasa zimefunikwa, moto wake huuoni. Kwenye za zamani, na kwenye hita ya gesi sebuleni, unauona, na unatakiwa uwe wa buluu uliotulia. Ukiwa wa njano au wa rangi ya chungwa, zima. Masizi au madoa ya kahawia kwenye kasha la boila au ukutani karibu nayo, zima. Chumba chenye boila madirisha yake yakitoka jasho kupita kawaida, zima na uite fundi. Halafu mwili nao unasema: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, akili inachanganyika. Watu hudhani ni mafua. Mafua makali huja na homa, gesi hii haileti homa. Jiulize: je, kichwa kinapona ukienda kazini na kuanza tena ukirudi jioni? Je, mnaumwa nyumba nzima kwa pamoja, hata paka analegea? Basi fungueni madirisha, zimeni boila, tokeni nje, na mkamwone daktari siku hiyo hiyo mkimwambia waziwazi mnashuku nini. Aliyezimia au anayepumua kwa shida aitiwe ambulansi kwa 999.

Dalili nyingine ni za polepole, na hizo ndizo tunazozizoea mno. Usoni pa boila, au chini yake, kuna geji ndogo ya presha. Boila ikiwa imepoa, mshale kwa kawaida unatakiwa uwe kati ya baa 1 na 1.5. Ukishuka sana, boila nyingi zinagoma kuwaka. Hapo wapangaji wengi wamejifunza ufundi wao: mtu anapiga magoti, anatafuta ule mpira uliosukwa kwa waya wa chuma chini ya boila, anafungua vali mpaka mshale upande, anafunga, moto unawaka, maisha yanaendelea. Kufanya hivyo mara moja kwa miezi mingi hakuna ubaya. Ukiona unafanya kila wiki, jua maji yanavuja mahali, labda kwenye kiungo cha redieta nyuma ya sofa, labda chini ya sakafu, labda ndani ya boila yenyewe. Tena kila maji mapya yanayoingia yanakuja na oksijeni, na oksijeni inatia kutu redieta kwa ndani. Kutu inageuka tope jeusi, tope linatuama, ndipo unagusa redieta unakuta juu ina moto na chini ni baridi. (Ikiwa baridi ni ya juu, hiyo mara nyingi ni hewa tu, na hutolewa kwa ule ufunguo mdogo.) Mshale ukipanda mpaka baa 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje. Tazameni ukuta wa nje: bomba dogo la shaba linalodondosha maji kila siku linatoa habari ya ugonjwa ulio ndani.

Sikilizeni pia. London na kusini mashariki maji yana chokaa nyingi, na chokaa ikiganda ndani ya boila utaisikia ikivuma kama birika linalokaribia kuchemka. Siku za barafu, sauti ya maji kugugumia halafu boila ikazima mara nyingi ni lile bomba la plastiki la maji machafu ya boila limeganda nje, na likimwagiwa maji ya vuguvugu, si yanayochemka, linafunguka. Na kabla ya kumlaumu mtu yeyote, angalieni kama mita ya gesi ya kulipia kabla ina pesa. Boila inayojizima na kuwashwa tena kwa kitufe mara kwa mara msiendelee kuibembeleza. Imejizima kwa sababu.

Sasa suala la fundi. Tunao vijana wetu wenye mikono mizuri, wanaotufungia kabati na kupaka rangi, na ni vigumu kumwambia mtoto wa shemeji yako asiguse boila. Mwambieni. Kisheria kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, chombo kilichochukua nafasi ya kile cha awali, CORGI, mwaka 2009. Ana kadi yenye picha yake, na nyuma ya kadi imeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Mwenye ruhusa ya majiko huenda hana ya boila. Kuomba kuiona kadi si kumvunjia heshima, yeye mwenyewe amezoea kuulizwa.

Na wapangaji, msikubali kutishwa. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba afanyie boila yake ukaguzi kila mwaka na kukupa nakala ya cheti ndani ya siku 28, na mpangaji mpya aipate kabla ya kuhamia. England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, chumba chenye boila ya gesi lazima kiwe na kengele ya kaboni monoksaidi. Ripotini ubovu kwa maandishi, ujumbe wenye picha na tarehe, si kwa simu tu. Mwenye nyumba akikaa kimya, nendeni kwa halmashauri ya eneo lenu, kitengo cha afya ya mazingira. Nanyi wenye nyumba zenu wenyewe mliostaafu au mnaopokea msaada wa serikali, ulizeni kampuni inayowauzia gesi kama mnastahili ukaguzi wa bure. Wapo wanaoupata, na wengi hawajui kwamba upo.

Tuna vikundi vya kuchangia misiba na harusi, vilivyo hai kuliko ofisi nyingi. Naomba saa zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kila kikundi, kila msikiti na kila kanisa letu litoe tangazo moja la boila. Anayesoma Kiingereza akamsomee bibi wa jirani cheti chake. Ukienda kumsalimia mzee, kabla hujanywa chai tazama geji na ubonyeze kitufe cha kujaribu kengele. Kama hana kengele, mnunulieni kwa mchango.

Na mkisikia harufu ya gesi, au kengele ikilia, msiwashe wala kuzima taa. Fungueni milango, fungeni gesi kwenye mita kama panafikika, tokeni nje mkapige simu. Kwa England, Wales na Scotland namba ni 0800 111 999, ni bure, saa zote. Iandikeni leo, kwa herufi kubwa, kwenye mlango wa friji.