Kinga ya moto ianzie kwenye mchoro wa ghorofa

Masoko ya Mbeya yameonyesha jinsi moto unavyokimbia usipokutana na kizuizi. Mwanjelwa iliungua mwaka 2006. Soko la SIDO likateketea mwaka 2011, kisha tena 2017. Kila mara lawama huangukia magari ya zimamoto kwamba yamechelewa, hali vibanda vilikuwa vimebanana na hapakuwa na ukuta wa kuukatisha moto njiani. Sasa Mbeya na Iringa zinajenga kwenda juu: hosteli za wanafunzi, nyumba za kupanga, maduka chini na familia juu. Swali la masoko linapanda ngazi pamoja nasi, tena safari hii linahusu watu waliolala.

Kinga ninayoitetea haina kengele wala pampu. Ni ukuta kati ya nyumba na nyumba unaofika hadi kwenye zege la juu badala ya kuishia kwenye dari. Ni matundu ya mabomba na nyaya yaliyozibwa. Ni mlango mzito unaojifunga wenyewe, na ngazi iliyotengwa na korido ili moshi usiigeuze kuwa dohani. Wengi wanaokufa katika moto wa majengo huuawa na moshi kabla mwali haujawafikia, kwa hiyo ngazi safi ndiyo uhai wa mtu wa ghorofa ya tano. Hata unene wa zege linalofunika nondo una kazi yake: chuma kikipata joto la nyuzi 600 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Umeme ukikatika au bomba likikauka, mambo tunayoyajua vizuri, kinga hii inaendelea kufanya kazi.

Ushahidi mchungu zaidi umetoka London. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, friji iliwaka jikoni katika ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24. Zimamoto walifika ndani ya dakika chache, na bado watu 72 walikufa. Kuta za nje zilikuwa zimevalishwa paneli zenye plastiki ndani, moto ukapanda kwa nje na kuingia tena madirishani. Milango mingi haikujifunga, moshi ukajaa kwenye ngazi pekee iliyokuwepo. Kama mji wenye zimamoto wa karibu kiasi hicho ulishindwa kuokoa jengo lililoharibiwa kinga yake, gari linalopanda mlima kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini tusilitwike mzigo wote.

Wapo watakaosema nyumba zetu ni za tofali na zege, haziungui. Zege haliungui, ni kweli. Magodoro, mapazia, dari za plastiki na samani ndivyo vinavyoungua. Mitungi ya gesi nayo inaongezeka jikoni, kwa sababu nchi imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema, na jiko linalohamia ghorofani linahitaji ukuta wa kulizuia. Hoja ya wezi ni nzito zaidi, maana nondo za madirishani na makufuli tumeviweka kwa sababu. Lakini katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni lililokuwa na nondo madirishani na mlango mmoja umefungwa kwa kufuli. Mlango wa dharura unaweza kumzuia mtu wa nje na bado ukafunguka kwa ndani bila ufunguo.

Gharama ipo, ila ni ndogo jengo likiwa bado kwenye karatasi, na ni kubwa mno baada ya kupakwa rangi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake tangu 2007, na halmashauri ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi. Wakaguzi wao wafike pamoja kabla ya plasta na dari, wakati matundu yote bado yanaonekana, na mwenye jengo asiruhusiwe kupangisha chumba chochote hadi yazibwe.