Swali la Mtoto Ambalo Hatukulijibu



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona limekwisha kupita, yaani jinsi watoto wetu walivyoishi katika kipindi cha ugonjwa wa UVIKO-19. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena. Ndoo za kunawia mikono zilizokuwa mlangoni pa kanisa zimerudi jikoni. Lakini je, yaliyoingia mioyoni mwa watoto nayo yametoka?

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufunga shule za awali, za msingi na za sekondari. Kidato cha sita walirudi darasani tarehe 1 Juni, na wengine tarehe 29 Juni. Yalitolewa masomo kwa njia ya redio na runinga, lakini huku kwetu Bombo, nyumba isiyo na umeme wala betri ya redio ilipata nini? Mtoto aliamka asubuhi yenye ukungu, akaelekea shambani. Tangawizi ilitafutwa sana wakati ule kwa ajili ya kunywa na kujifukiza, na watoto wakasaidia kuichimba na kuibeba. Hatulaumu kazi; ni vema mtoto wa milimani ajue jembe. Tunachosema ni kwamba wachache sana kati yetu tuliketi na mtoto tukamweleza kwa nini maisha yake yalibadilika ghafla.

Kisha vikaja vifo. Mwezi Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki dunia. Nasi tulizika. Katika mazishi mojawapo, mvulana wa darasa la tatu alitufuata tulipokuwa tukitoka kaburini. Alituuliza kama ni yeye aliyemwua bibi yake, kwa kuwa alikuwa na kikohozi, na ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kunywa kitandani. Tulimwekea mkono kichwani, tukamwambia asiseme maneno kama hayo, tukaenda zetu kwa sababu palikuwa na msiba mwingine uliotungoja. Hapa hatuna budi kukiri: tulikosa. Mtoto alihitaji jibu, sisi tukamnyamazisha.

Wapo wanaosema kwamba mtoto hana mawazo, na kwamba husahau upesi. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mchangamfu anajitenga na wenzake. Mwingine analalamika tumbo kila asubuhi ya shule, na zahanati haioni ugonjwa. Sisi tunasema ni ujeuri, au tunasema amerogwa, kisha tunachukua fimbo. Fimbo haiponyi huzuni. Mara nyingi inamfundisha mtoto kuificha.

Hofu yetu sisi wakubwa nayo iliwaumiza watoto mwilini. Wapo mama walioogopa kwenda kliniki. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mwaka 2021 watoto milioni 25 duniani walikosa dozi moja au zaidi za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kila mzazi na atazame tena kadi ya mtoto wake. Tena, kumfunika mtoto mdogo blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka ni kumweka katika hatari ya kuungua, hata kama nia yetu ni njema.

Huenda mtu akauliza, ya nini kufukua yaliyopita? Ni kwa sababu magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Mkoa wa Kagera ulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Likitufikia jingine huku Upareni, tutawaambia nini watoto?

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuwaambie watoto ukweli kuhusu ugonjwa na kifo, kwa maneno yanayolingana na umri wao, na tuwaache walie pamoja nasi msibani badala ya kuwapeleka kwa jirani. Pili, kila jumuiya ndogo ndogo iwafahamu watoto wake kwa majina, hasa wale wanaolelewa na babu na bibi, na wasichana waliopata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana hao kurudi shuleni. Basi tusiwafungie sisi mlango kwa masengenyo yetu. Tatu, mzigo ukizidi uwezo wa nyumba, tutafute msaada kwa mwalimu, kwa mganga wa zahanati, au kwa simu ya watoto namba 116 ambayo hupigwa bila malipo.

Yule mvulana amekua sasa. Hivi karibuni tulimwendea nyumbani kwao, tukamwambia tulichopaswa kumwambia siku ile: kwamba hakuna ajuaye ugonjwa ulipitia kwa nani, na kwamba kumpelekea bibi maji lilikuwa tendo la upendo, wala hakutenda kosa lolote. Alisikiliza akiwa ameinama. Akasema, "Asante, Padre," kisha akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Hatujui aliubeba mzigo ule usiku mara ngapi. Tunajua tu kwamba ungeweza kutuliwa siku ileile, kama tungeketi naye kwa robo saa.